Kocha wa angani au wa ardhini? Ulinganisho kwa anayechagua timu ya chuo Marekani

Tarehe 27 Desemba 2024 mpwa wangu alikuwa uwanjani Fort Worth, Texas, amekaa na baba yake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, wakiangalia Oklahoma ikicheza na Navy. Oklahoma ni chuo chenye mataji saba ya taifa ya futiboli ya Kimarekani. Navy ni Chuo cha Jeshi la Wanamaji, ambako kijana akihitimu anavaa sare na kulitumikia jeshi miaka isiyopungua mitano. Oklahoma wakatangulia 14-0. Kipindi cha pili Blake Horvath, kwotabeki wa Navy, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi uwanjani, akauchukua mpira karibu kabisa na mstari wao wenyewe na kukimbia nao yadi 95. Zilipobaki sekunde 6 Oklahoma wakaingiza tachidauni, ubao ukasoma 21-20 kwa Navy, wakaamua kutafuta pointi mbili za ushindi badala ya teke la pointi moja la sare. Kwotabeki wao akaangushwa na mpira mkononi. Wanamaji wakaimba wimbo wa chuo chao.

Wiki chache baadaye dada yangu akanipigia simu. "Kaka, mtoto amepata ofa mbili za ufadhili. Vyuo vyote viwili msimu huu vimevuta mkia, na vyote vinasema vimeleta kocha mpya wa mashambulizi atakayebadilisha kila kitu. Kimoja kinarusha mpira, kingine kinakimbia nao. Mimi mchezo huu siujui. Wewe ndiye uliyesoma Oklahoma, niambie."

Nilimjibu kwa kirefu, na kwa kuwa najua nyumba nyingi zetu huko Texas, Ohio, Minnesota na Kentucky zina vijana wanaocheza mchezo huu huku wazazi wakibaki kuangalia tu, nimeona niyaandike.

Kazi yenyewe

Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifika inapata mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6. Kwotabeki anaupokea mpira nyuma ya ukuta wa watu watano, kisha anaurusha, anaukabidhi kwa mkimbiaji au anakwenda nao mwenyewe. Anayeamua kipi kati ya hivyo, jaribio kwa jaribio, ni kocha wa mashambulizi. Wakati mwingine kocha mkuu ni mtu wa ulinzi na kazi hiyo haigusi kabisa. Ndiyo maana timu inaweza kubaki na wachezaji karibu walewale, ikabadilisha mtu mmoja tu kwenye benchi la ufundi, na msimu unaofuata ukadhani ni timu nyingine.

Angani: Oklahoma, 1999

Nilifika Norman, mji wa chuo cha Oklahoma, Agosti 1999 na sanduku moja. Mzee aliyenipangisha chumba alikuwa na picha za timu za miaka ya sabini ukutani, enzi ambazo Oklahoma ilikimbia na mpira tu na kutwaa mataji. Kuhusu miaka ya tisini hakutaka hata kuongea. Miaka mitatu iliyotangulia timu ilishinda mechi 12 na kufungwa 22. Mwaka 1998 ilimaliza 5-6, ikifunga takriban pointi 17 kwa mechi.

Kocha mkuu mpya, Bob Stoops, alikuwa mtu wa ulinzi kutoka chuo cha Florida. Akiwa huko alipewa kazi ya kuizuia Kentucky, timu dhaifu, na akaona mashambulizi yake yanamsumbua kuliko ya timu kubwa. Alipokabidhiwa Oklahoma akamfuata mtu aliyekuwa kwenye benchi lile, Mike Leach. Mtu huyo alikuwa na shahada ya sheria na hakuwahi kucheza futiboli chuoni. Yeye na Hal Mumme walikuwa wameanza kuujenga mfumo wao mwaka 1989 huko Iowa Wesleyan, chuo kidogo kilichokuwa kimepoteza mechi zote kumi msimu uliotangulia. Mwaka wao wa kwanza kikashinda saba. Mfumo huo ukaja kuitwa Air Raid, shambulio la ndege.

Siri yake ni uchache. Mbinu ni chache mno, zinarudiwa kila siku mpaka kijana anaziota. Watu watano wa ukuta wanasimama mbalimbali, na wapokeaji wanne au zaidi wanatawanywa uwanja mzima ili walinzi nao watawanyike. Mbinu maarufu kuliko zote ina wapokeaji wawili wanaotoka pande mbili na kupishana katikati, yadi kama sita kutoka mstarini, karibu kiasi cha kugonganisha viganja. Mlinzi anayemfuata mmoja anaparamia wa mwenzake, na kwotabeki ana mtu aliye wazi mbele ya macho yake. Hakihitajiki kipaji cha ajabu. Kinachohitajika ni mkono mtulivu na macho yanayojua pa kutazama kwanza, pa pili na pa tatu.

Mkono huo Leach aliupata kwa Josh Heupel, kijana anayetumia mkono wa kushoto aliyekuwa Snow College huko Utah, chuo cha miaka miwili ambacho timu kubwa hazikuwa zikipita.

Tarehe 9 Oktoba 1999 Oklahoma walicheza na Texas, mahasimu wa jadi. Leach aliandika karatasi ya bandia ya mbinu za mwanzo wa mechi, ikapakwa plastiki kama ya kweli, na msaidizi wake akaidondosha uwanjani wakati wa kupasha moto misuli mahali ambapo watu wa Texas wangeiona. Wakaiokota, wakaiamini. Kabla robo ya kwanza haijaisha Oklahoma walikuwa mbele 17-0. Mzee wangu alisimama katikati ya sebule, mikono kichwani, hajui acheke au alie. Texas walizinduka na kushinda 38-28, lakini jioni ile hakuzungumzia kipigo. Alizungumzia zile 17.

Msimu uliisha 7-5, wa kwanza tangu 1993 ambao ushindi ulizidi vipigo, na wastani wa pointi ukapanda hadi kama 36. Kisha Leach akaondoka. Texas Tech walimpa ukocha mkuu baada ya msimu huo mmoja tu. Mwaka 2000 mashambulizi yakaongozwa na Mark Mangino, Heupel akabaki, na Oklahoma wakashinda mechi zote 13 na taji la taifa. Hata hivyo fainali ile dhidi ya Florida State iliisha 13-2. Kocha wa angani aliifufua timu, lakini usiku wa taji kazi ilifanywa na ulinzi wa Stoops, na mzazi anayeonyeshwa video za pasi ndefu aulize pia ni nani anayefundisha upande wa pili wa mpira.

Ardhini: Navy, 2002

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo ufufuo ulipokuwa mgumu kuliko kote.

Navy ilimaliza 2001 bila ushindi, 0-10, baada ya kushinda mechi moja tu mwaka 2000. Na si timu inayoweza kununua au kubembeleza wachezaji. Mtu wa kilo 140 hapiti vipimo vya jeshi. Kijana anayeota ligi ya kulipwa anasikia habari ya miaka mitano ya utumishi na kukata simu. Annapolis, mji wa chuo cha Navy, wanapata vijana wepesi, wenye akili darasani, wengi wao waliokataliwa na vyuo vikubwa kwa udogo wa mwili.

Aliyeitwa alikuwa Paul Johnson. Chuo alikijua, maana alikuwa kocha wa mashambulizi hapo 1995 na 1996, na huo mwaka wa pili Navy ilimaliza 9-3. Kisha alikwenda Georgia Southern na kutwaa mataji mawili ya daraja la pili, 1999 na 2000. Aliporudi Annapolis akawa kocha mkuu, lakini kuchagua mbinu hakumwachia mtu.

Mfumo wake ni opsheni, na uzuri wake unaonekana ukiutazama kwa karibu. Mpira unapoanza, mlinzi mmoja mkubwa anaachwa makusudi, hakuna anayemzuia. Kwotabeki anautia mpira tumboni mwa fulubeki, mkimbiaji anayesimama nyuma yake, huku macho yake yako kwa mlinzi yule. Akibaki nje, fulubeki anapewa mpira na kupenya katikati. Akimrukia fulubeki, kwotabeki anauchomoa na kukimbilia ukingoni. Huko kuna mlinzi wa pili. Akimjia kwotabeki, mpira unatupwa pembeni kwa mkimbiaji wa tatu anayekwenda naye sambamba. Yote hayo ni ndani ya sekunde mbili. Walinzi wawili hatari zaidi wameondolewa mchezoni bila kuguswa, na watu wawili wa ukuta ambao wangewazuia wamekwenda kumzuia mtu mwingine. Kwa hiyo kijana wa kilo 110 halazimiki kumsukuma wa kilo 140. Anahitaji kufika kwanza na kumkata miguu.

Msimu wa 2002 ulianza kwa ushindi wa 38-7 dhidi ya SMU. Kisha wakafungwa mechi kumi mfululizo. Kumi. Ndivyo opsheni ilivyo, kwotabeki lazima akosee mara mia ndipo mkono wake ujue wenyewe lini uachie na lini uchomoe. Mechi ya mwisho walikutana na Army, chuo cha jeshi la nchi kavu na wapinzani wao wa damu, wakashinda 58-12. Mwaka 2003 wakamaliza 8-5. Mwaka 2004 wakamaliza 10-2, na mechi ya mwisho ya msimu huo, San Francisco dhidi ya New Mexico, naisimulia kila ninapopata msikilizaji. Navy waliupata mpira wakiwa karibu na mstari wao wenyewe na wakakaa nao dakika 14 na sekunde 26. Mbinu 26, yadi 94. Mwishowe wakapiga teke la pointi tatu. Fikiria wewe ni kwotabeki wa New Mexico, umekaa kwenye benchi, jasho limekauka, unaangalia saa ikila mechi yako yote. Iliisha 34-19.

Novemba 2007 wakaifunga Notre Dame 46-44 baada ya nyongeza tatu za muda. Mara ya mwisho kuifunga ilikuwa 1963, na katikati kulikuwa na vipigo 43 mfululizo. Johnson aliondoka mwaka huohuo kwenda Georgia Tech akiwa hajapoteza hata mechi moja kwa Army katika sita.

Siku walipokutana

Tarehe 30 Desemba 2003, Houston, Navy ya Johnson ilicheza na Texas Tech ya Leach. Angani kwa ardhini, ana kwa ana. Texas Tech walishinda 38-14. Kwotabeki wao, B.J. Symons, alimaliza msimu huo na yadi 5,833 za pasi, ambazo hadi wakati huo hakuna aliyewahi kuzifikisha katika daraja la juu la vyuo.

Wapo wanaoitumia mechi hiyo kusema mjadala uliisha. Sikubaliani nao. Texas Tech walikuwa na ruhusa ya kumchukua mchezaji yeyote wanayemtaka. Navy miaka miwili tu nyuma walikuwa hawajashinda mechi. Kwamba walifika Houston kabisa ndilo jambo lililonishangaza. Na kwenye kikosi kile cha Texas Tech alikuwemo Wes Welker, kijana mfupi kutoka Oklahoma City ambaye vyuo vilimpita, akapata nafasi kwa Leach dakika za mwisho, na baadaye akawa mpokeaji mkubwa wa ligi ya kulipwa. Mpwa wangu ana umbo kama lake, kwa hiyo jina hili nililirudia kwenye simu.

Kocha anayekuja na vijana wake: Western Kentucky, 2021

Aina hii ya tatu ni tawi la ile ya kwanza, ila siku hizi inastahili kupimwa peke yake, kwa sababu dirisha la uhamisho la wachezaji wa vyuo liko wazi kuliko zamani.

Western Kentucky, mjini Bowling Green, walimaliza 2020 na 5-7, wakifunga kwa tabu. Kocha mkuu Tyson Helton akamchukua Zach Kittley kutoka Houston Baptist, chuo kidogo cha Texas. Kittley hakuwa ametimiza miaka 30. Alilelewa Lubbock, mji wa chuo cha Texas Tech, akajifunza kazi Texas Tech chini ya Kliff Kingsbury, ambaye naye alikuwa kwotabeki wa Leach, kwa hiyo ni mjukuu wa mfumo uleule. Hakuja peke yake. Alikuja na kwotabeki wake, Bailey Zappe, na wapokeaji wake, akiwemo Jerreth Sterns.

Mwanzo ulikuwa 1-4, mashabiki wakaanza kunung'unika. Kisha wakashinda saba mfululizo na kumaliza 9-5. Zappe alirusha yadi 5,967 na tachidauni 62, akaivunja rekodi ile ya Symons iliyokaa miaka 18. Sterns, naye mfupi, alidaka mipira 150.

Msimu ulipokwisha, Kittley akaenda Texas Tech na Zappe akaenda New England Patriots. Mwaka mmoja, wote hawapo. Bahati ya Western Kentucky ni kwamba msaidizi wake, Ben Arbuckle, aliuchukua mfumo, akapatikana kwotabeki mwingine kutoka chuo kidogo, na 2022 ikaisha tena 9-5. Kisha Arbuckle naye akaondoka kwenda Washington State. Desemba 2024, wiki chache kabla ya mechi ile ya Fort Worth, Oklahoma walimtangaza kuwa kocha wao mpya wa mashambulizi, na kwotabeki wake John Mateer akamfuata. Robo karne baada ya Leach, kitukuu wa Leach kaitwa Norman kwa kazi ileile.

Hizi hapa rekodi zao, ushindi kwanza, vipigo baadaye:

| Timu | Kabla ya kocha | Msimu wa 1 | Msimu wa 2 |
|---|---|---|---|
| Oklahoma (Leach) | 1998: 5-6 | 1999: 7-5 | 2000: 13-0, ameshaondoka |
| Navy (Johnson) | 2001: 0-10 | 2002: 2-10 | 2003: 8-5, yupo |
| Western Kentucky (Kittley) | 2020: 5-7 | 2021: 9-5 | 2022: 9-5, ameshaondoka |

Sasa kuchagua

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo niliyomwambia dada aisome mara mbili. Kocha wa angani akifanikiwa, simu yake haiachi kuita. Kijana anayesaini kwa ajili yake anaweza kuamka Januari akakuta ofisi tupu. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza chuoni ni nani anayekaa kiti cha pili, na kama kocha mkuu ataendelea na mfumo uleule huyu akiondoka. Oklahoma na Western Kentucky walikuwa na jibu. Vyuo vingi havina.

Kwa wa ardhini ni kinyume. Anakawia kuleta matunda, na mwaka wa kwanza unaweza kuwa wa machozi, lakini mti ukishika mizizi haung'oki haraka. Baada ya Johnson, Navy walimpa timu Ken Niumatalolo, msaidizi wake, akaendelea na opsheni miaka 15 na kupata misimu miwili ya 11-2, 2015 na 2019. Hasara yake inakuja pale chuo kinapotaka kubadili. Georgia Tech, baada ya Johnson kustaafu, waliachana na opsheni na kujikuta na kikosi kilichojengwa kwa mchezo ambao hawauchezi tena. Msimu wa 2019 ukaisha 3-9.

Wapinzani wakishamsoma kocha inakuwaje? Angani, nina mfano mchungu. Septemba 2020 Leach aliicheza mechi yake ya kwanza na Mississippi State na kuwafunga LSU, waliokuwa mabingwa wa taifa, 44-34, kwotabeki wake akirusha yadi 623. Wiki iliyofuata Arkansas wakarudisha watu wanane nyuma kulinda pasi, wakaacha watatu tu mbele, na Mississippi State wakafungwa 21-14. Msimu ukaisha na ushindi mara nne. Leach aliijenga upya timu ile taratibu hadi alipofariki Desemba 2022, lakini ule mwaka wa kwanza ulionyesha kuwa kuishtukiza dunia ni jambo la siku chache. Washington State nako, alikofika 2012, alihitaji misimu mitatu migumu kabla ya kupata 9-4.

Ardhini, adui mkubwa alikuwa sheria. Mwaka 2022 kule kukata miguu kulizuiwa nje ya eneo la ukuta, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha ya watu wadogo. Navy ilikuwa imeshaanza kuporomoka kabla ya hapo, 4-8 mwaka 2021 na tena 2022, kisha 5-7 mwaka 2023. Ndipo kocha mkuu Brian Newberry, mtu wa ulinzi, akamleta Drew Cronic kutoka chuo kidogo cha Mercer. Cronic hakuitupa opsheni. Alimwondoa kwotabeki pale karibu na ukuta mara nyingi zaidi, akaongeza wakimbiaji wanaopita mbele yake kumchanganya mlinzi, na akaruhusu pasi ambazo zamani Annapolis walizionea aibu. Horvath alikuwa hapohapo chuoni, hakuletwa na mtu. 5-7 ikawa 10-3, Army wakafungwa 31-13, na mechi ya mwisho ni ile niliyoanza nayo. Kwangu Cronic ndiye mfano bora wa kocha mpya wa siku hizi, kwa sababu aliwatazama watu waliopo kwanza ndipo akaandika daftari lake.

Kisha kuna namba anayocheza mtoto. Akiwa kwotabeki mwenye mkono, aende angani bila kusitasita. Ligi ya kulipwa haitafuti kwotabeki wa opsheni. Keenan Reynolds wa Navy aliingiza tachidauni 88 kwa kukimbia, rekodi ya daraja zima la kwanza, na Baltimore Ravens walipomchukua 2016 wakambadilisha kuwa mpokeaji. Akiwa mtu wa ukuta, aulize kwa makini zaidi, maana aliyezoea kurudi nyuma kulinda pasi na aliyezoea kukimbilia mbele ni mafundi wa kazi mbili tofauti, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunachukua mwaka. Mpokeaji mrefu na mwenye nguvu anaweza kushangaa kusikia kwamba opsheni haimuui. Demaryius Thomas alitoka Georgia Tech ya Johnson, timu iliyokuwa ikirusha mara chache sana, na akachaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2010. Alipotupiwa mpira alikuwa amebaki na mlinzi mmoja tu, wengine wote wamekimbilia mbio za katikati.

Mpwa wangu ni mfupi, mwepesi, anacheza pembeni ya ukuta. Kwa mifumo yote miwili ana nafasi. Kwa Leach angekuwa Welker, kwa Johnson angekuwa yule wa tatu anayetupiwa mpira ukingoni. Yeye mwenyewe anataka kudaka. "Mjomba, wale wanarusha mara hamsini kwa mechi," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishaamua.

Nikamwomba anitumie majina ya wachezaji waliohamia chuo hicho cha kurusha tangu kocha mpya afike. Walikuwa sita. Wanne wanacheza namba yake, wote wametoka na kocha huyo chuo alichokuwa, na watatu kati yao wamebakiza miaka miwili au zaidi. Chuo cha pili hakijaleta mtu yeyote wa pembeni. Kocha wake amesaini miaka mitatu, na msaidizi wake amefanya naye kazi tangu chuo kilichopita. Nilimwambia wazi kwamba ningekuwa mimi ningekwenda cha pili, hata kama mwaka wa kwanza utakuwa wa kufungwa. Dada alikuwa kwenye simu hiyohiyo, akauliza kitu ambacho sisi wawili tulikisahau: kipi kati ya hivyo viwili kinatunza ufadhili kijana akiumia goti. Tukaandika barua pepe mbili usiku uleule.

Majibu yamekuja ya chuo kimoja tu mpaka sasa, cha pili, nao wamesema ufadhili unabaki hadi ahitimu. Jumamosi mpwa wangu anakwenda kuangalia mazoezi yao. Nimemwagiza asikae na wazazi kwenye viti vya wageni. Asimame nyuma ya kwotabeki, mahali kocha anaposimama, na ahesabu kwenye simu yake mbinu hamsini za kwanza: mara ngapi mpira unafika kwa yule wa ukingoni, na anapougusa ana walinzi wangapi mbele yake. Idadi hiyo ataniletea Jumapili, kabla hajasaini chochote.